Mafuta ya breki na miteremko ya Bukavu: maswali ya wasomaji

Tangu mvua zianze mwezi wa Septemba, barua nyingi zinazoletwa kwenye safu hii zinahusu breki za pikipiki, na hilo halishangazi katika mji uliojengwa juu ya vilima, ambako mtu hawezi kutoka nyumbani kwenda sokoni bila kupanda au kushuka. Leo tumechagua zile zinazogusa mafuta ya breki pamoja na matengenezo ambayo mwenye pikipiki anaweza kuyafanya mwenyewe uani kwake.

*Ndugu Mhariri, ninaendesha taximoto katika Kadutu. Pikipiki yangu ina breki ya diski mbele na ya tamburi nyuma. Ninaposhuka na abiria pamoja na mzigo, mkono wa breki ya mbele unalainika kidogo kidogo, na nikifika chini unakaribia kugusa usukani bila pikipiki kusimama vizuri. Nikipumzika, mkono unarudi kuwa mgumu kama asubuhi. Fundi mmoja alibadilisha plaketi, yaani vile vipande vinavyobana diski, lakini hali haikubadilika. Mwingine anataka nimnunulie pampu nzima ya breki. Nimsikilize nani? (Motari wa Kadutu)*

Ndugu yetu motari, usinunue pampu bado. Dalili uliyoieleza, yaani mkono unaolainika breki ikipata joto na kukaza tena ikishapoa, ni dalili ya mafuta ya breki yanayochemka, na dawa yake ya kwanza ni kuyatoa yote yaliyomo na kutia mapya.

Sababu yake ni hii. Mafuta ya breki ya aina inayotumika katika pikipiki nyingi hufyonza unyevu wa hewani. Maji huingia polepole kupitia mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta, kupitia kifuniko cha kitangi cha mafuta hayo, na zaidi ya yote kila mara kifuniko hicho kinapofunguliwa siku ya mvua. Mafuta mapya huchemka kwenye joto la juu sana, lakini yakishachanganyika na maji kiasi kidogo tu, kiwango hicho hushuka kwa makumi ya digrii. Yanapochemka ndani ya kalipa, yaani kile chuma kinachokumbatia diski, hutoa viputo vya mvuke. Na mvuke, tofauti na mafuta, hubanika. Unapovuta mkono, nguvu ya vidole vyako inaishia kubana viputo badala ya kusukuma pistoni na plaketi. Joto likipungua, mvuke unarudi kuwa kimiminika, mkono unakaza, na fundi unayempelekea pikipiki asubuhi haoni kosa lolote. Ndiyo maana tatizo hili huwapotosha mafundi wengi, na ndiyo maana ni la hatari: breki inakuwa nzuri kabisa mahali pa kuijaribia na inakosekana mahali inapohitajiwa.

Ili uwe na hakika kwamba pampu haina kosa, fanya jaribio hili pikipiki ikiwa baridi. Bana mkono wa breki kwa nguvu na uushikilie kwa nusu dakika bila kuulegeza. Ukizama polepole kuelekea usukani wakati hakuna tone linalovuja popote, basi raba za ndani ya pampu zimechoka na fundi wako wa pili ana haki. Ukisimama imara, pampu ni nzima. Fundi wa kwanza naye hakuwa mbali sana na ukweli, kwa sababu plaketi zikipata joto kupita kiasi hupoteza uwezo wa kushika. Lakini hapo mkono hubaki mgumu na pikipiki ndiyo inayokataa kupungua mwendo. Kwako mkono wenyewe unalainika, kwa hiyo kosa limo katika mafuta.

Ni vizuri pia ujue ukubwa wa joto tunalolizungumzia. Chukua pikipiki ya kilo 120, watu wawili na gunia la kilo 40, jumla karibu kilo 300, ikishuka mita 200 za wima. Kama breki peke yake ndiyo inayoizuia katika mteremko wote, joto linalozaliwa kwenye diski na tamburi linatosha kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji ya kawaida. Na anayeteremka Ngomo kuelekea Kamanyola anashuka zaidi ya hapo kwa mbali. Hakuna mafuta ya breki yatakayomlinda mtu anayeziba njia zote nyingine za kuzuia pikipiki yake. Ninasema hivyo kwa sababu wako madereva wengi wanaotoa gia, au hata kuzima injini, ili kuokoa esansi wanaposhuka. Esansi inayookolewa ni kidogo mno, na kazi yote ambayo injini ingefanya bure inatupwa juu ya breki. Shuka kwa gia ya pili au ya kwanza, acha injini ivute nyuma, tumia breki zote mbili kwa kubana na kuachia badala ya kuiegemea moja mfululizo, na breki yako itafika chini ikiwa na uhai.

*Mhariri mpendwa, mimi ni mwanafunzi, ninaishi Ibanda. Dukani nimeona chupa zilizoandikwa DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, na rafiki yangu ana chupa ya DOT 5 aliyoletewa kutoka ng'ambo. Muuzaji anasema namba ikiwa kubwa mafuta ni bora. Je, ni kweli?*

Si kweli kwa namna hiyo. Herufi DOT zinatokana na jina la Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, iliyoweka viwango hivi, na jambo la kwanza ambalo namba hizo zinakueleza ni joto la chini kabisa ambalo mafuta hayo yanaruhusiwa kuchemka. DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya digrii 205 za Selsiasi. DOT 4 ni 230. DOT 5 na DOT 5.1 ni 260. Lakini kila aina ina kipimo cha pili, cha mafuta yaliyokwisha kunywa maji kiasi cha asilimia 3.7 hivi, na hicho ndicho ninachokuomba ukitazame zaidi: DOT 3 yanashuka hadi 140, DOT 4 hadi 155, na yale mawili ya mwisho hadi 180. Linganisha sasa: DOT 5.1 yaliyozeeka yanachemka mapema kuliko DOT 3 yaliyofunguliwa leo. Upya wa mafuta una uzito kuliko namba.

Jibu la swali lako limeandikwa juu ya pikipiki yako yenyewe, kwenye kifuniko cha kitangi, pembeni ya mkono wa breki. Ikiwa pameandikwa DOT 4, tia DOT 4. Ikiwa pameandikwa DOT 3 au DOT 4, chagua DOT 4, kwa sababu ya vilima vyetu. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za ukoo mmoja na huchanganyika bila kuharibu chochote, ila ukiongeza ya chini juu ya ya juu unashusha ubora wa yote. DOT 5.1 ni nzuri, lakini inafyonza maji kama wenzake, na kwa pikipiki za kazi sioni faida inayolingana na bei yake. Afadhali pesa hiyo inunue DOT 4 mara nyingi zaidi.

DOT 5 ya rafiki yako ni kitu kingine kabisa. Imetengenezwa kwa silikoni, mara nyingi ina rangi ya zambarau, haichanganyiki na hizo nyingine wala na maji, na imekusudiwa mashine chache, kama baadhi ya Harley-Davidson za zamani. Aiache ndani ya chupa. Akiitia juu ya DOT 4 iliyomo, atapata mchanganyiko usioungana, na maji yatakayoingia, kwa kuwa hayafyonzwi, yatakaa chini kwenye kalipa, mahali penye joto kuliko pengine pote, ambapo yatachemka mapema sana na kuzalisha kutu.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa Bagira. Nimenunua pikipiki na kumkabidhi kijana aifanyie kazi ya taximoto, naye ananiletea pesa kila jioni. Karibu kila mwezi ananiomba pesa ya mafuta ya breki. Nyumbani nina chupa iliyobaki nusu tangu mwaka jana. Je, nimpe hiyo? Na ni kawaida breki kutumia mafuta mengi hivyo?*

Mama, asante kwa kutuandikia, na maswali yako yote mawili ni ya maana.

Chupa iliyobaki nusu tangu mwaka jana usimpe. Hewa iliyojaa nusu ya juu ya chupa hiyo ina unyevu, na mafuta yamekuwa yakiufyonza muda wote huo hata kama kifuniko kilifungwa vizuri. Yanaweza kuonekana safi na meupe, kwa kuwa maji hayabadilishi rangi. Kuanzia sasa nunua chupa ndogo, ya robo lita, yenye karatasi ya kuziba chini ya kifuniko ambayo haijaguswa, na kinachobaki baada ya kazi usikiweke akiba. Ninajua kwamba kumwaga kitu kilichonunuliwa kunauma, hasa katika nyumba inayohesabu kila franka. Lakini chupa ya robo lita ni nafuu mno ikilinganishwa na siku moja tu ya hospitali, na mtoto wa mtu ndiye anayekaa juu ya pikipiki hiyo.

Kuhusu swali la pili: breki haitumii mafuta kama injini inavyotumia esansi. Mafuta yamefungiwa ndani na hayaendi popote. Kiwango chake katika kitangi hushuka kwa sababu mbili tu. Ya kwanza ni kwamba plaketi zinaisha, pistoni zinasogea nje, na mafuta yanajaza nafasi iliyoachwa nyuma yao. Huko ni kushuka kwa polepole, na dawa yake ni plaketi mpya. Ya pili ni kuvuja. Mwite kijana huyo, mkae mtazame pamoja: chini ya mkono wa breki, kwenye maungio ya mpira, na kuzunguka kalipa. Mkikuta unyevunyevu unaoteleza, pikipiki isitoke tena kabla ya kutengenezwa. Msipokuta kitu, na plaketi bado ni nene, basi hakuna haja ya chupa ya kila mwezi, na mtazungumza juu ya hilo kwa upole kama mama na mwana.

Kubadilisha mafuta yote ni jambo jingine. Watengenezaji wengi hupendekeza kila miaka miwili. Kwa pikipiki inayoshuka vilima vya Bukavu kutwa nzima, na inayolala nje wakati wa masika, ushauri wangu ni mara moja kila mwaka, ikiwezekana katika kiangazi, kati ya Juni na Agosti, wakati hewa ina unyevu mdogo. Andika tarehe kwenye kipande cha utepe na ukibandike chini ya kiti, dereva akibadilika usitegemee kumbukumbu yake.

*Mhariri, nina Boxer. Nimetafuta kitangi cha mafuta ya breki sijakiona. Kiko wapi?*

Huenda hakipo. Boxer nyingi, sawa na Yamaha AG 100 ambazo zimezoeleka vijijini, zina breki za tamburi mbele na nyuma, ambazo huvutwa kwa waya mbele na kwa fimbo ya chuma nyuma. Hazina mafuta ya breki, na mafuta ya aina yoyote yakiingia ndani ya tamburi yataiharibu. Kazi yako ni kurekebisha nati ya mwisho wa waya au fimbo ili pedali ya nyuma iwe na mchezo wa sentimita 2 hadi 3 kabla ya breki kushika, kutia grisi kidogo kwenye mhimili wa mkono unaofungua viatu vya breki, na kutazama alama ya kuchakaa iliyopo pembeni ya tamburi katika pikipiki nyingi. Ukiifungua, usipulize lile vumbi jeusi kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, kwa sababu viatu vingine, hasa vya zamani, vina asbesto, ambayo huharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa, kisha ukitupe kitambaa hicho.

*Ndugu Mhariri, ninataka kubadilisha mafuta ya breki ya diski mwenyewe, nyumbani, bila kwenda gereji. Nina spana na bisibisi tu. Inawezekana? Na nianze wapi, niishie wapi? (Msomaji wa Panzi)*

Inawezekana, ndugu, na ni kazi ambayo mtu makini huijua kwa mara moja. Kitakachokukosa ni vitu viwili vinavyopatikana katika duka lolote la dawa: mpira mpya wa serumu, ule mwembamba unaopitisha mwanga, na bomba la sindano la mililita 20 bila sindano yake. Ongeza chupa tupu, vitambaa safi, ndoo ya maji, na chupa ya mafuta mapya ambayo utaifungua wakati wa kuyatumia, si kabla.

Maji yapo kwa sababu mafuta ya breki hula rangi. Tone moja likikaa juu ya tangi la esansi kwa muda, litaacha kidonda kisichopona. Funika tangi kwa kitambaa kilicholowa, na likidondoka popote, mwagia maji mengi papo hapo. Mafuta haya huyeyuka katika maji na huondoka yote. Linda pia macho yako na vidonda vya mikono.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati mahali pa tambarare, na ugeuze usukani mpaka kitangi kikae sawa. Futa vumbi lote kabla ya kugusa kifuniko, maana chembe moja ya mchanga ikiingia inaweza kuchana raba za pampu. Skrubu za kifuniko hupenda kukwama na vichwa vyake huharibika upesi, kwa hiyo tumia bisibisi inayojaa barabara, igonge kidogo kwa juu, ndipo uzungushe. Ukishafungua, nyonya mafuta machafu ya kitangi kwa bomba la sindano, pangusa masimbi ya chini kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha jaza mafuta mapya hadi alama ya juu.

Sasa nenda kwenye kalipa. Juu yake kuna skrubu ndogo ya kutolea hewa, yenye kofia ya mpira. Kwa pikipiki nyingi hufunguliwa kwa spana namba 8. Weka spana kwanza, kisha vuta mpira wa serumu juu ya ncha ya skrubu, na ncha ya pili ya mpira itumbukie ndani ya mafuta kidogo uliyotia chini ya ile chupa tupu, ili hewa isirudi. Kutoka hapo mambo yanakwenda kwa utaratibu mmoja usiobadilika: vuta mkono wa breki polepole na uushikilie, ukiwa umeushikilia, fungua skrubu robo ya mzunguko, mkono utazama na mafuta machafu yatapita kwenye mpira, funga skrubu, ndipo uachie mkono. Anayeachia mkono kabla ya kufunga skrubu anavuta hewa ndani na kuanza upya. Ni vyema mtu wa pili, hata mtoto mkubwa anayesikiliza, akae kwenye mkono wa breki akifuata amri zako.

Rudia, na kila baada ya mivuto minne au mitano uchungulie kitangi. Hapa ndipo wengi huharibu kazi: wanafurahia mafuta machafu yanayotoka chini na kusahau juu, kitangi kinakauka, na pampu inameza hewa. Kiwango kisishuke kamwe chini ya alama ya chini. Utaona rangi ikibadilika ndani ya mpira kutoka kahawia iliyoiva hadi rangi ya asali nyepesi, na viputo vikipungua hadi kwisha. Gonga mpira wa breki na kalipa kwa mpini wa bisibisi ili viputo vilivyonasa vipande. Mkono ukibaki na ulegevu kidogo baada ya yote hayo, ufunge kwa kamba ukiwa umebanwa, uache usiku kucha. Mara nyingi viputo vidogo hupanda vyenyewe hadi kitangini, na asubuhi mivuto michache inamaliza kazi. Chupa ya robo lita inatosha kwa breki ya mbele na kubakiza.

Kaza skrubu bila kutumia nguvu nyingi, kwa sababu ni nyembamba na ina tundu katikati, na ikikatika ndani ya kalipa utapata gharama kubwa. Osha kalipa kwa maji, rudisha kifuniko pamoja na raba yake, kisha bana mkono kwa nguvu zako zote ukitazama kila ungio. Jaribio la kwanza lifanyike kwa kusukuma pikipiki kwa mikono, la pili kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kote kuwili mahali pa tambarare. Usiijaribu kwa mara ya kwanza kwa kushuka.

Ukiwa pale chini, tazama na plaketi. Zikibaki na unene wa milimita 2, nunua nyingine. Usingoje chuma kikutane na chuma. Unaporudisha pistoni ndani ili plaketi mpya zipate nafasi, mafuta yatapanda kitangini, kwa hiyo punguza kwanza kwa bomba la sindano. Na baada ya kuzifunga, kabla hujapanda pikipiki, vuta mkono mara kadhaa mpaka ukaze: mivuto ya kwanza haishiki chochote, na wako watu walioligundua hilo wakiwa tayari barabarani. Plaketi zilizolowa mafuta hazisafishiki, zitupwe. Diski nayo ina unene wa chini uliochongwa juu yake kwa herufi MIN. Ikifika hapo imekwisha.

Umeuliza pia uishie wapi. Kutoa mafuta, kutoa hewa, kubadilisha plaketi, hizo ni kazi zako. Kubadilisha mpira uliopasuka unaweza kama una subira, mradi ununue pete mpya za shaba za kila upande, kwa kuwa za zamani zimekwisha kubanwa na hazizibi tena vizuri. Kufungua pampu au kalipa na kubadilisha raba za ndani kunataka raba zilizotengenezwa kwa ajili ya pikipiki hiyo, na mikono iliyofundishwa. Mpelekee fundi, lakini kaa hapo utazame anachoweka. Na pikipiki yenye ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapobana breki, usiifungue nyumbani hata kidogo, maana hewa inaweza kubaki katika mashine yake ambako mkono wa breki hauwezi kuisukuma.

Mafuta machafu uliyoyatoa ni sumu. Usiyamwage mferejini, kwa kuwa mifereji yetu yote inateremkia ziwani, na usiyahifadhi katika chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kuishika akidhani ni kinywaji. Yafunge katika chombo kilichoandikwa wazi, na uyapeleke gereji inayokusanya mafuta machafu.

*Ndugu Mhariri, mafuta ya breki yalikuwa yamekwisha dukani, muuzaji akanipa mafuta ya kijani akisema ni ya breki za magari ya Kifaransa. Niliyaongeza kidogo. Sasa mkono wa breki ni mzito na haurudi haraka. Nimefanya vibaya?*

Ndugu msomaji, simamisha pikipiki leo hii. Kwa maelezo yako, yaelekea ulipewa LHM, mafuta ya kijani ya madini yaliyotengenezwa kwa mfumo maalumu wa magari ya Citroën. Katika magari hayo ni sahihi. Katika pikipiki yako ni sumu ya raba. Raba za breki za DOT hazivumilii mafuta ya madini ya aina yoyote, yawe ya injini, ya gia, ya usukani wa gari au grisi ya kawaida: huvimba, hulainika na kukwama, na mkono usiorudi ni ushahidi kwamba zimeshaanza kuvimba. Kuyatoa na kutia DOT 4 hakutoshi tena. Raba zote zilizoguswa, za pampu na za kalipa, pamoja na mpira wa breki na raba ya kifuniko, zibadilishwe, na njia zote zioshwe kabla ya kutia mafuta mapya. Tunasikitika kukuletea habari ya gharama hiyo, lakini breki ya namna hiyo inaweza kujifunga yenyewe katikati ya barabara au kukataa kabisa kushika.

Wasomaji wengine wanaotilia shaka chupa waliyouziwa wanaweza kufanya jaribio rahisi: tia matone machache katika glasi ya maji na ukoroge. Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hupotea ndani ya maji. Yakielea juu, si hayo, hata chupa iwe imeandikwaje. Jaribio hilo halithibitishi kwamba mafuta ni mazuri au makavu, ila linakamata kosa kubwa kuliko yote. Glasi hiyo isirudi tena jikoni.

*Mhariri, nilibadilisha plaketi na mafuta mwenyewe, mkono ni mgumu na mzuri, lakini gurudumu la mbele ni zito, na nikitembea kidogo diski inaungua. Kosa liko wapi?*

Breki yako haiachii. Tazama kitangi kwanza: kama ulikijaza hadi ukingoni, mafuta yakipata joto na kutanuka hayana pa kwenda, yanabaki yakisukuma plaketi. Punguza hadi alama ya juu. Ikiwa kiwango ni sawa, inua gurudumu, bana mkono na uuachie, kisha lizungushe kwa mkono. Likiwa bado zito, fungua skrubu ya kutolea hewa kidogo sana, ukiwa umeweka mpira na chupa. Gurudumu likilegea mara moja, mafuta yalikuwa yamefungiwa chini: tundu dogo la kurudishia mafuta ndani ya pampu limeziba kwa masimbi, au mkono wa breki wenyewe haurudi hadi mwisho wake kwa sababu ya uchafu kwenye mhimili, au mpira wa breki umevimba kwa ndani. Gurudumu lisipolegea, kosa ni la kalipa: pistoni imeshika kutu, au zile pini mbili ambazo kalipa huteleza juu yake zimekauka. Pini ziondoe, zisafishe mpaka ziteleze kwa kidole, uzitie grisi ya silikoni, si grisi ya beringi, kwa sababu ile niliyokwisha kuieleza juu ya raba. Pistoni yenye kutu usiirudishe ndani na kuiacha hivyo hivyo. Sehemu iliyotoboka kwa kutu itachana raba ndani ya siku chache na mafuta yatamwagikia plaketi. Mpelekee fundi kalipa hiyo, na pikipiki ibaki uani mpaka gurudumu lizunguke kwa uhuru baada ya kuachia mkono.